Taka zikitoka nyumbani kwako zinakwenda wapi?

Kwa familia nyingi za Dar es Salaam, habari ya taka huishia mlangoni. Siku ya gari ikifika, kiroba hutolewa nje, vijana wa taka hukirusha juu ya lori, ndoo husuuzwa na kazi nyingine zinaendelea. Kilichokuwa kinanuka hakipo tena machoni.

Hata hivyo, taka hizo huwa zimehama tu. Na mara nyingi hurudi nyumbani kwa njia nyingine: moshi unaoingia dirishani jioni, nzi wanaotua kwenye chakula cha mtoto, au mtaro unaofurika mpaka sebuleni wakati wa masika.

Habari njema ni kwamba zaidi ya nusu ya kinachotupwa katika nyumba ya kawaida ni kitu ambacho kingeweza kubaki hapohapo bila kumdhuru mtu. Ni maganda, majani na mabaki ya chakula. Familia ikitenganisha taka hizo mbichi na zile kavu, matatizo mengi yanayoelezwa hapa chini hupungua kwa kiasi kikubwa.

Kutoka mlangoni hadi Pugu

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Mkoa wa Dar es Salaam una watu zaidi ya milioni 5.3. Dampo kuu la jiji lipo Pugu Kinyamwezi, pembezoni mwa Wilaya ya Ilala.

Kwenye mitaa yenye barabara pana, gari la taka hufika hadi getini. Kwenye mitaa iliyobanana kama Manzese, Tandale au Vingunguti, kuna njia ambazo gari haliwezi kupita. Huko taka husombwa kwa mkokoteni au guta hadi sehemu ya kukusanyia, ndipo zipakiwe kwenye lori. Kazi hiyo hufanywa na kampuni na vikundi vinavyopewa zabuni, na familia huchangia kwa kulipa ada ya taka.

Kila hatua hapo inakula mafuta, muda na nguvu za watu. Lori linalotoka Bunju au Tegeta hulazimika kuvuka jiji na foleni zake ndipo lifike Pugu. Gari likiharibika, au mvua ikiharibu barabara, viroba hulala mtaani siku kadhaa.

Hapo ndipo familia iliyochoshwa na harufu hutafuta njia ya mkato. Wapo wanaochimba shimo uani, wapo wanaowasha moto, na wapo wanaosubiri mvua kubwa inyeshe ili wamwage taka mtaroni na maji yaondoke nazo.

Wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani

Kabla ya Pugu, taka za jiji zilikuwa zikimwagwa Tabata. Wakazi wa eneo hilo waliishi na moshi, harufu na nzi hadi walipochoka. Mwaka 1988 walifungua kesi Mahakama Kuu dhidi ya Halmashauri ya Jiji.

Jiji liliamriwa kuacha kumwaga taka Tabata, lakini likawa linarudi mahakamani kuomba kuongezewa muda. Mwaka 1991, Jaji Kahwa Lugakingira alikataa ombi hilo. Alitumia ibara ya 14 ya Katiba, inayohusu haki ya kuishi, na kuona kuwa mamlaka ya umma haiwezi kuomba ruhusa ya kuendelea kuhatarisha maisha ya watu.

Baadaye dampo lilihamia Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Kila lilipohamia palikuwa na majirani, na majirani hao nao wana watoto. Ndiyo maana kuhamisha dampo peke yake hakuwezi kuwa jibu. Kinachosaidia kila mtu ni kupunguza kinachopelekwa huko.

Ganda la ndizi likifika dampo

Wazazi wengi huamini kuwa maganda hayana madhara kwa sababu yanaoza. Ni kweli yanaoza, ila inategemea yanaozea wapi.

Ganda la ndizi likiachwa juu ya udongo shambani hupata hewa, huoza taratibu na kuwa mbolea. Ganda hilohilo likifukiwa chini ya mita kadhaa za taka hukosa hewa. Huko bakteria huliozesha kwa namna nyingine na kutoa gesi ya methani.

Methani hushika moto kwa urahisi, na ni sababu mojawapo ya madampo kuwaka na kufuka moshi kwa siku nyingi. Pia huchangia joto la dunia. Ikipimwa kwa kipindi cha miaka 20, nguvu yake ya kushikilia joto ni takriban mara 80 ya ile ya hewa ukaa.

Kuna pia majimaji ya uozo. Hushuka chini yakipita katikati ya betri, makopo ya rangi na vyombo vya dawa za wadudu, na kubeba kemikali pamoja na metali nzito kama risasi. Pale ambapo chini ya dampo hakukuwekwa tabaka la kuyazuia, majimaji hayo huweza kufika kwenye mito na visima.

Juu ya lundo hilo kuna binadamu. Waokotaji hutafuta chupa za plastiki, vyuma na maboksi ili wauze kwa kilo. Chupa iliyopakaa mchuzi na boksi lililolowa maji ya uozo havina bei nzuri, au havinunuliki kabisa. Kinachochanganywa jikoni kwa sekunde moja, mwingine hukichambua kwa mikono mitupu.

Moshi wa jioni

Kuchoma taka uani huonekana usafi, kwa kuwa rundo linaisha na majivu ni kidogo. Kiafya, ni kuhamisha taka kutoka ardhini kwenda kwenye mapafu.

Moshi wa taka una chembechembe ndogo sana zinazopenya hadi ndani ya mapafu, pamoja na gesi ya kaboni monoksaidi. Plastiki zinapochomwa kwenye moto wa kawaida, hasa za aina inayotengenezewa mabomba na baadhi ya viatu, hutoa sumu ziitwazo dayoksini. Sumu hizo hukaa mwilini muda mrefu na zinahusishwa na saratani, kudhoofika kwa kinga ya mwili na matatizo ya ukuaji wa mtoto.

Watoto ndio wanaoumia zaidi. Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, na mapafu yake bado yanakua. Kwa mwenye pumu, moshi wa jirani unatosha kumfanya abanwe kifua usiku kucha. Mjamzito naye anapaswa kukaa mbali nao.

Majivu ya plastiki na betri nayo yasimwagwe kwenye bustani ya mchicha. Sumu iliyobaki humo huingia kwenye udongo.

Mtaro ukiziba

Taka zinazomwagwa mtaroni haziendi mbali. Hukwama kwenye kona au chini ya daraja, na maji hutafuta njia nyingine. Wakazi wa Bonde la Msimbazi wanafahamu vizuri maji hayo yakiingia ndani yanakuja na nini: matope, kinyesi na taka za mitaa ya juu.

Mlipuko wa kipindupindu uliosambaa katika mikoa mingi ya Tanzania ulianzia Dar es Salaam Agosti 2015. Kipindupindu huenezwa na maji au chakula chenye kinyesi cha mgonjwa, na maji ya mafuriko hubeba kinyesi hicho kutoka vyooni hadi visimani na jikoni.

Taka kavu nazo zina hatari yake. Kopo, tairi bovu, hata kizibo cha chupa kikishika maji ya mvua, mbu aina ya Aedes hutaga mayai humo. Huyu ndiye anayeeneza homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku peke yake hakimzuii kumfikia mtoto anayecheza uani.

Ndani ya ndoo kuna nini?

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa mtu mmoja katika nchi za Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Kwa wastani huo, familia ya watu watano hutoa kilo 2.3 kila siku. Ni kama kilo 16 kwa wiki, na zaidi ya kilo 800 kwa mwaka.

Ripoti hiyohiyo ilionyesha kuwa katika nchi za kipato cha chini, asilimia 56 ya taka ni mabaki ya chakula na majani. Katika nchi za kipato cha kati cha chini, ni asilimia 53.

Maana yake ni kwamba katika kilo 16 za wiki, kilo nane au tisa ni maganda ya ndizi, mihogo na viazi, vikonyo vya mchicha, makapi ya nazi, ukoko na wali uliochacha. Hizo ndizo zinazonuka, zinazoita nzi na panya, zinazolifanya gari liwe zito, na zinazochafua chupa na maboksi ambayo yangeuzwa. Zikitolewa, kinachobaki ndani ya kiroba ni kikavu, chepesi, na kinaweza kusubiri gari hata wiki mbili bila kunuka.

Anza na vyombo viwili

Hakuna haja ya kununua ndoo za rangi. Ndoo ndogo yenye mfuniko iwekwe jikoni kwa taka mbichi, na kiroba au boksi kubwa kwa taka kavu. Kila anayepika na kuosha vyombo aelezwe, akiwamo dada wa kazi, maana mara nyingi ndiye anayeshika ndoo hiyo kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani.

Kwa taka mbichi kuna njia tatu, kulingana na mazingira ya familia.

Ya kwanza ni mifugo. Maganda na majani safi ni chakula cha mbuzi, na mabaki ya nafaka huliwa na kuku. Kama hufugi, huenda jirani anafuga na atafurahi kutumiwa ndoo kila jioni. Vitu vilivyooza au kuota ukungu visipewe mifugo, kwani ukungu wa nafaka unaweza kuwa na sumukuvu.

Ya pili ni mboji. Mwenye uwanja achimbe shimo dogo sehemu yenye kivuli, mbali na kisima. Aliyepanga chumba na sebule anaweza kutumia ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu chini na ubavuni, ikaegeshwa juu ya mawe.

Tandika majani makavu chini, weka maganda yaliyokatwakatwa, kisha funika na udongo kidogo au majani makavu. Rudia kila siku. Kila kipimo kimoja cha taka mbichi kipate vipimo viwili au vitatu vya majani makavu. Mchanganyiko uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na ugeuzwe mara moja kwa wiki ili upate hewa. Kwenye joto letu, miezi miwili hadi mitatu inatosha kupata mbolea nyeusi yenye harufu ya udongo wa mvua.

Nyama, samaki, maziwa, mafuta na vyakula vya mchuzi visiwekwe humo, kwa sababu huvuta panya na nzi. Mboji ikinuka, imezidi maji. Ongeza majani makavu na uigeuze. Mbolea hiyo ikijazwa kwenye kiroba chenye udongo, familia hupata mchicha, matembele au sukuma wiki hata kwenye ua mdogo.

Ya tatu ni kuungana. Nyumba yenye wapangaji sita inaweza kuwa na shimo moja la mboji. Hata manispaa zimeanza kufuata njia hii: Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni ina kituo cha kutengeneza mboji kilichojengwa kwa ushirikiano na Jiji la Hamburg la Ujerumani. Taka za sokoni zisizochanganywa na plastiki ni malighafi nzuri kwa kituo kama hicho.

Punguza kabla ya kutupa

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu Nairobi, lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilipoteza tani bilioni 1.05 za chakula. Asilimia 60 ya chakula hicho kilipotea majumbani, wala si hotelini au madukani. Kwa wastani kila mtu alitupa kilo 79 nyumbani kwake kwa mwaka.

Chakula hicho kilinunuliwa kwa pesa. Tumia kikombe kilekile kupima mchele kila siku, uandike ni vikombe vingapi vinaitosha familia bila kubaki. Nunua nyanya za siku mbili au tatu hata kama fungu kubwa linaonekana rahisi. Mtoto apakuliwe kidogo, akitaka aongezwe.

Kiporo nacho kinahitaji uangalifu. Wali uliopikwa usiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kuna bakteria wanaoweza kutengeneza sumu ambayo haiondoki hata wali ukipashwa moto. Wenye friji wauweke humo mapema. Wasio na friji ni salama zaidi wapike kinachotosha mlo mmoja.

Kwa upande wa plastiki, Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 1, 2019, lakini bado nyumba nyingi hujaa vifungashio vyepesi vya sokoni. Kikapu na vyombo vyenye mifuniko vya kununulia mafuta, unga na maharage hupunguza vingi. Maji ya kunywa yakichemshwa na kuwekwa kwenye chupa ya kudumu ya mtoto, chupa tano za wiki ya shule hazinunuliwi tena.

Chupa, makopo na maboksi yanayobaki, suuza na ukaushe. Yakusanye kwenye kiroba chake na umpe au umuuzie anayepita mtaani kuokota. Ataondoka na kitu safi chenye bei, wala hatalazimika kukifuata dampo.

Zipo taka zisizochanganywa na chochote

Pampasi. Kinyesi cha mtoto kina vimelea vya magonjwa kama cha mtu mzima. Kimwagwe chooni kwanza, kisha pampasi ikunjwe, ifungwe na kuwekwa kwenye taka za kwenda dampo. Isitupwe chooni, mtaroni wala kuchomwa. Nepi za kitambaa mchana, mtoto akiwa nyumbani, hupunguza idadi na gharama.

Sindano. Familia yenye mgonjwa anayejichoma insulini iweke sindano kwenye chombo kigumu chenye mfuniko na kuzipeleka kituo cha afya anakotibiwa.

Dawa zilizoisha muda. Ziulizwe duka la dawa au kituo cha afya. Zisiachwe mahali mtoto anaweza kuzifikia akadhani ni pipi.

Vioo na wembe. Vifungwe kwenye gazeti nene au kopo gumu, ili visimkate anayebeba kiroba.

Betri. Zisichomwe moto na zisiingie kwenye mboji.

Mpe mtoto kazi yake

Mtoto wa miaka mitano anaweza kujua ganda linakwenda wapi na chupa inakwenda wapi. Wa miaka kumi anaweza kugeuza mboji na kumwagilia mchicha, kisha akanawa mikono kwa sabuni. Kazi za kushika pampasi, vioo na taka zilizooza zibaki kwa watu wazima.

Watoto wasiruhusiwe kucheza kwenye jalala au kuokota vitu huko, hata kama kifaa kinaonekana kizuri. Kila baada ya mvua, mzazi azunguke nyumba pamoja nao na kumwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi.

Familia inayotaka kujua kama imefanikiwa inaweza kuhesabu viroba. Andika ukutani ni vingapi vimetoka mwezi huu, kisha tenganisha taka mwezi mzima na uhesabu tena. Mkiwa majirani watatu au wanne wenye hesabu hiyo, ipelekeni kwenye mkutano wa mtaa na mwombe kikundi cha taka kichukue taka kavu peke yake. Mwenyekiti wa mtaa akionyeshwa viroba vilivyopungua, mazungumzo ya ada na ya siku za gari huwa na mahali pa kuanzia.